Nimevipima vipimo vyenyewe: kisanduku cha kupimia maji na mbolea za mimea ya akwariamu

Anayeanza kufuga samaki pamoja na mimea huuliza maswali mawili: ninunue kipimo gani cha maji, na mbolea gani? Mimi huyajibu kwa pamoja, kwa sababu bidhaa hizi mbili huuzwa kana kwamba moja inaiongoza nyingine. Pima maji, ona kilichopungua, ongeza. Kwa amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, mpango huo ni wa kweli na umeokoa samaki wengi. Kwa mbolea hauendi hivyo, na tatizo liko kwenye hesabu, wala si kwenye ubora wa chupa yoyote. Hesabu hiyo nitaionyesha. Kwanza niseme nilichotumia.

Tangi langu kubwa lina lita 100 za maji halisi. Nasisitiza neno halisi, kwa kuwa ujazo unaoandikwa na mtengenezaji ni wa tangi tupu. Ukitoa changarawe, mawe, gogo na ile nafasi ya juu isiyojazwa, tangi la lita 120 hubaki na lita 100 hivi, na dozi zote za mbolea zinategemea namba hiyo. Hesabu ndoo siku unapojaza, kisha iandike pembeni ya tangi. Ndani yake nina Vallisneria kwa nyuma, Rotala na Ludwigia katikati, Cryptocoryne kwa mbele, na Anubias iliyofungwa kwenye gogo. Samaki ni tetra wadogo, wachache, pamoja na uduvi. Hewa ya ukaa inatoka kwenye mtungi wa gesi. Tangi la pili ni dogo, halina gesi, na taa yake ni hafifu. Nitalitaja pale tofauti inapokuwa ya maana.

Kipimo ninachokitumia ni API Freshwater Master Test Kit. Kisanduku kina chupa saba za dawa: moja ya pH ya kawaida, moja ya pH ya juu, mbili za amonia, moja ya naitraiti, mbili za naitreti. Bakteria hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo mimea huila. Kuna vichupa vinne vya kioo vyenye mstari wa mililita 5, na kadi ya rangi. Hakina kipimo cha ugumu wa maji, yaani KH (ugumu wa kaboneti) na GH (ugumu wa jumla), wala cha fosfeti, chumvi inayoipa mimea fosforasi. Hivyo hununuliwa peke yake. Mwenye mimea ajue hilo kabla hajalipa, maana KH ataihitaji mapema kuliko anavyodhani.

Amonia hupimwa kwa matone manane ya chupa ya kwanza, manane ya pili, tikisa, subiri dakika 5. Njano ni sifuri, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo hatari inavyoongezeka. Naitraiti ni rahisi zaidi: matone matano, dakika 5, samawati ni sifuri na zambarau ni taarifa mbaya. Kwa vipimo hivi viwili sina lawama. Swali unalouliza ni la ndiyo au hapana: ipo au haipo? Jicho la kawaida linaweza kutofautisha samawati na zambarau hata chini ya taa mbovu. Njano na kijani kilichopauka ni vigumu kidogo, kwa hiyo nasomea karibu na dirisha, mchana, kichupa kikiwa kimegusa sehemu nyeupe ya kadi. Taa za rangi ya manjano huongeza kijani ambacho hakipo.

Jambo moja la kuelewa kuhusu amonia: kipimo hiki husoma jumla yake, ile yenye sumu na ile isiyo na makali iitwayo amoniamu. Mgawanyo wao unategemea pH na joto. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. pH ikipanda hadi 8 kwa joto lilelile, sehemu hiyo hufika asilimia 5 hivi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusoma 1 kwenye kadi, mmoja akawa na muda wa kutafakari na mwingine akatakiwa kubadilisha maji mara moja. Soma pH na amonia kwa pamoja, daima.

Hapa mimea yenyewe inaingia kwenye habari. Mimea mingi ya majini hupenda kula amoniamu kuliko naitreti, kwa sababu naitreti lazima kwanza igeuzwe ndani ya mmea kwa gharama ya nguvu. Tangi lililopandwa kwa wingi tangu siku ya kwanza linaweza kupita kipindi cha mwanzo likionyesha naitraiti kidogo sana, kwani sehemu kubwa ya amonia inaishia kwenye majani kabla bakteria hawajaifikia. Ila ukitumia ule udongo maalumu wa mimea, tegemea kwamba wiki za mwanzo utatoa amonia wenyewe. Pima kila siku na usitie samaki mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri.

Sasa naitreti, na hapa ndipo kisanduku kinapodai mtumiaji makini. Utaratibu ni huu: matone kumi ya chupa ya kwanza, geuza kichupa, tikisa chupa ya pili kwa nguvu sekunde 30, matone kumi, tikisa kichupa dakika nzima, subiri dakika 5. Mtu akiruka ile mitikiso, jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Sababu ni ya kikemia. Dawa haioni naitreti moja kwa moja. Inaigeuza kwanza kuwa naitraiti, kisha naitraiti ndiyo inayotoa rangi nyekundu. Kinachofanya mgeuzo huo ni unga laini wa madini ulioelea kwenye chupa ya pili, na unga huo huzama na kugandamana chini chupa ikikaa kabatini. Chupa isipotikiswa unamimina maji yasiyo na unga, na unasoma naitreti ndogo huku tangi limejaa. Mimi huigonga chupa kwenye kiganja mara kadhaa kabla hata sijaanza kuhesabu sekunde. Kwa sababu hiyohiyo, tangi jipya lenye naitraiti nyingi hutoa jibu la naitreti lisiloaminika; subiri naitraiti ishuke kwanza.

Kadi ya naitreti ina hatua 0, 5, 10, 20, 40, 80 na 160, zote kwa miligramu kwa lita. Rangi yake huenda kutoka njano, machungwa, hadi nyekundu iliyokolea. Kati ya 0 na 10 naona vizuri. Kuanzia 20 kwenda juu, macho yangu yanabishana yenyewe kwa yenyewe, na nikimwita mtu mwingine atazame, anataja hatua nyingine. Dawa ya hilo ni kuzimua. Chukua sehemu moja ya maji ya tangi, changanya na sehemu tatu za maji yaliyokenekwa, pima, kisha zidisha jibu kwa nne. Hapo unasoma katika eneo la kadi ambalo rangi zake zimeachana.

Lakini utajuaje kwamba kipimo chenyewe ni kizima? Hili ndilo ninalolijali kuliko mengine yote katika tathmini hii, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha mbolea, taa na hata samaki kwa kufuata namba ambayo hakuna aliyeithibitisha. Jibu ni kutengeneza maji ambayo naitreti yake unaijua. Unahitaji potasiamu naitreti kavu, mizani ya kupima sehemu ndogo za gramu, na maji yaliyokenekwa. Uzito wa chumvi hii ni asilimia 61.3 naitreti. Ukiyeyusha gramu 1.63 na kujaza maji hadi lita moja, una mchanganyiko wa miligramu 1,000 za naitreti kwa lita. Chukua mililita 10 za mchanganyiko huo, jaza maji yaliyokenekwa hadi lita moja: una miligramu 10 kwa lita. Mililita 20 zinakupa 20. Pima maji hayo kwa kisanduku chako, kichupa cha 10 na cha 20 kikiwa kando kwa kando na kile cha tangi. Sasa hulinganishi tena na wino uliochapwa kwenye karatasi. Unalinganisha kioo kwa kioo, rangi ya kweli kwa rangi ya kweli.

Kisanduku changu cha API kilipita mtihani huo vizuri: 10 ilisoma 10, na 20 ilikuwa wazi kwamba imeipita 10. Vilevile nilivipima vipande vya karatasi vya kuchovya, ambavyo sitavitaja kwa jina, na kwa maji yaleyale vilinipa jibu dogo mno. Sisemi vipande vyote ni vibaya. Faida yake ni kasi: unachovya, unasubiri dakika moja, unapata picha ya jumla ya KH, GH na pH. Nina pakiti ya vipande kwa kazi hiyo. Ila vinaharibiwa na unyevu kila unapofungua kopo, vingi havina sehemu ya amonia, na hatua zake ni pana mno kwa mtu anayetaka kulisha mimea kwa kipimo.

Na hata kipimo cha matone kilicho kizima kabisa hakiwezi kukuongoza katika kulisha mimea. Hii ndiyo ile hesabu niliyoahidi. Chukua mbolea ya maji yenye asilimia 1 ya naitrojeni. Mililita moja ina takriban miligramu 10 za naitrojeni. Ukizigeuza kuwa naitreti unazidisha kwa 4.43, unapata miligramu 44. Zigawe kwenye lita 100: mililita moja inapandisha naitreti kwa 0.44. Dozi ya mililita 5 inapandisha kwa 2.2. Sasa rudi kwenye kadi: 5, halafu 10, halafu 20. Dozi nzima inapotea ndani ya nafasi iliyo kati ya rangi mbili. Unamwaga mbolea, unapima, huoni kitu, unamwaga tena. Au huioni njaa ikianza, kwa sababu kushuka kutoka 8 hadi 5 kwenye kadi ni rangi moja.

Tena kuna mbolea ambazo sehemu ya naitrojeni yake ni yurea au amoniamu. Hizo kipimo cha naitreti hakizioni kabisa mpaka bakteria wazigeuze, na mimea ikiwa na afya inazila kabla ya hapo. Unaweza kusoma sifuri kwenye kadi huku mimea imeshiba.

Kwa hiyo mbolea za chupa nazihukumu kwa lebo yake, sizihukumu kwa kadi ya rangi. Kosa la kawaida la soko ni neno “kamili” kuandikwa mbele ya chupa ambayo haina naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Kampuni ya Tropica wameligawa jambo hili kwa uwazi ninaoupenda: Premium Nutrition haina naitrojeni wala fosforasi, Specialised Nutrition inazo zote mbili. Ya kwanza ni kwa tangi lenye samaki wengi na mimea michache inayokua polepole, kwani kinyesi na mabaki ya chakula vinaleta naitreti na fosfeti bila kuombwa. Ya pili ni kwa tangi kama langu, lililosongamana mimea na samaki wa kuhesabika. Seachem Flourish nayo, kwa asilimia 0.07 ya naitrojeni na 0.32 ya chuma, ni wazi kuwa ni mbolea ya madini madogo. Aliyeielewa hivyo ataifurahia, na aliyetaka ilishe Rotala peke yake hajaisoma lebo. Seachem wenyewe huuza naitrojeni, fosforasi na potasiamu katika chupa nyingine.

Unaposoma lebo, angalia pia namna namba zilivyoandikwa. Baadhi ya watengenezaji huandika fosforasi kama P2O5 na potasiamu kama K2O, desturi ya mbolea za shambani. Kupata potasiamu yenyewe zidisha K2O kwa 0.83; kupata fosforasi yenyewe zidisha P2O5 kwa 0.44. Bila kufanya hivyo, chupa mbili zinaweza kuonekana kuwa na tofauti kubwa ilhali zinakaribiana.

Specialised Nutrition nimeitumia kwa muda mrefu kwenye matangi yote mawili na ninaipendekeza kwa yeyote mwenye tangi lisilozidi lita 60 hivi. Pampu iliyo juu ya chupa inatoa kiasi kilekile kila mara, hakuna kupima kwa kifuniko, na uduvi wangu wanaendelea kuzaana. Hili la uduvi naulizwa sana kwa sababu ya shaba iliyomo kwenye mbolea. Shaba ni sumu kwa uduvi, kweli, lakini pia ni kirutubisho ambacho kila mmea unakihitaji kwa kiasi kidogo mno, na mbolea za akwariamu huwa nayo kwa kiasi hicho kidogo. Dozi ya lebo ni salama. Hatari ya kweli iko kwenye dawa za magonjwa ya samaki zenye shaba, ambazo kiasi chake ni kikubwa mno kulinganisha na mbolea.

Tangi likiwa kubwa, chupa inaisha upesi, na hapo ndipo chumvi kavu zinapostahili heshima yake. Ninazo tatu na mchanganyiko mmoja: potasiamu naitreti, potasiamu fosfeti ile ya KH2PO4, potasiamu salfeti, na mchanganyiko wa madini madogo wenye chuma. Nayeyusha gramu 32.6 za potasiamu naitreti kwenye maji hadi nusu lita. Mililita 10 zake zinaongeza miligramu 4 za naitreti kwa lita katika lita 100. Gramu 7.15 za KH2PO4 kwenye nusu lita nyingine. Mililita 10 zinaongeza fosfeti kwa miligramu 1. Namba hizi zimebandikwa kwenye chupa, pamoja na tarehe, na chupa zinakaa juu watoto wasipofika. Potasiamu naitreti huchochea moto, kwa hiyo mbali na jiko na mbali na kiberiti.

Madini madogo yanakaa kwenye chupa yake peke yake, na yanaingia tangini siku tofauti na fosfeti. Chuma na fosfeti vikikutana vikiwa vimekolea hushikana na kuwa unga usioyeyuka, na mimea haipati hata kimoja. Pia uliza chuma chako kimefungwa na nini, yaani kemikali gani inakishika kisigande majini. Kilichofungwa kwa EDTA hukaa vizuri kwenye maji yenye asidi kidogo, lakini pH ikizidi 6.5 huanza kuachia. Chenye DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. Wenye maji magumu yenye pH ya juu wanaolalamika kwamba majani machanga yanapauka hata baada ya kumwaga chuma, mara nyingi hawana upungufu wa kumwaga. Wana aina ya chuma isiyofaa maji yao.

Kipimo cha chuma ninacho, na siku hizi sikifungui. Rangi inaendelea kukolea kadiri unavyosubiri, kwa sababu dawa inakinyofoa chuma polepole kutoka kwenye kile kilichokifunga, na chuma chenyewe hutoweka majini mapema. Kipimo cha potasiamu hutegemea ukungu: unaongeza maji kidogo kidogo hadi alama iliyo chini ya kichupa isionekane. Ni kazi ya ustadi, na mwisho wake inakwambia jambo ambalo dozi ya kudumu ingelimaliza bila kupima. Fosfeti naipima mara mojamoja.

Dozi ya kudumu ndiyo njia ninayoiamini. Katika miaka ya 1990 wapenzi wa akwariamu Paul Sears na Kevin Conlin walieneza mbinu ya kuinyima akwariamu fosfeti ili mwani ukose chakula. Baadaye Mmarekani Tom Barr alipinga wazo hilo kwa kuonyesha matangi yenye fosfeti nyingi yasiyo na mwani, na mbinu yake iitwayo Estimative Index inageuza mambo: lisha kwa ziada kidogo ili mmea usikose chochote, kisha badilisha nusu ya maji kila wiki ili ziada isirundikane. Uzuri wake ni kwamba dari inajulikana bila kipimo. Ukiongeza miligramu 20 za naitreti kwa wiki na kubadilisha nusu ya maji, hata kama mimea haili chochote, naitreti itokayo kwenye mbolea haiwezi kuzidi 40. Dari daima ni mara mbili ya dozi ya wiki. Sijapata kuona kipimo cha matone kinachotoa uhakika wa namna hiyo.

Sharti lake ni kubadilisha hayo maji kweli, kila wiki. Na dozi kamili ni kwa tangi lenye taa kali na gesi. Tangi langu dogo linapata chini ya robo yake na maji yanayobadilishwa ni machache kuliko hapo, kwani bila gesi mmea hukua taratibu na hula taratibu.

Kwa gesi natumia kile kitufe cha kioo kinachoning'inia ndani ya tangi, chenye maji ya KH 4 na rangi ya bromothimoli. Kikiwa kijani, hewa ya ukaa iko karibu miligramu 30 kwa lita. Samawati ni kidogo. Njano ni nyingi na samaki watapanda juu kuhema. Kinachelewa saa moja au mbili, hivyo kinakupa habari za nyuma kidogo. Sharti ni kwamba maji yaliyo ndani yake yawe KH 4 halisi. Maji ya tangi hayafai, kwani asidi nyingine zilizomo tangini huharibu hesabu. Kipimo cha KH kinafaa hapa: unadondosha tone moja moja hadi rangi igeuke kutoka samawati kuwa njano, na kila tone ni nyuzi moja ya KH. Ukitumia mililita 10 za maji badala ya 5, kila tone linakuwa nusu nyuzi. Hiki ni kipimo ninachokiamini kwa moyo wote, kwa sababu unahesabu matone, hubishani na rangi.

Vidonge vya kufukia kwenye changarawe ni vizuri kwa Cryptocoryne na Echinodorus, ambazo hula sana kwa mizizi. Vizamishe chini kabisa na usiing'oe mimea jirani kwa muda, maana kidonge kikifukuliwa kinaweza kumwaga amonia majini kwa mkupuo.

Baada ya hayo, chombo changu cha kila siku cha kupimia lishe ni majani. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo zikipungua huvuliwa kutoka kwa majani ya zamani na kupelekwa kwa machanga. Jani la chini likigeuka njano lote, nafikiria naitrojeni. Likitoboka vitundu vidogo ambavyo kingo zake ni njano, potasiamu. Likipauka kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, magnesiamu, na hapo naitazama GH. Chuma hakihamishiki, upungufu wake huonekana kileleni, majani machanga yakitoka yamepauka. Na vidoa vya kijani vigumu vikishika kioo na majani ya Anubias, mimi huongeza fosfeti, na mara nyingi vidoa vipya vinakoma. Usimhukumu mmea kwa jani lililokwisha haribika, halitapona. Tazama lile linalochipua baada ya kurekebisha dozi, na lipe wiki mbili au tatu.

Kisanduku cha matone bado kinafunguliwa nyumbani kwangu kila wiki, kabla ya kubadilisha maji: naitreti, na pH asubuhi kabla gesi haijawaka. Namba zinaingia daftarini pamoja na dozi ya wiki hiyo. Sizisomi kama amri ya wiki moja. Nazitazama kwa mwezi. Zikipanda mfululizo, aidha mimea imepunguza kasi au chujio limeziba au samaki wanalishwa kupita kiasi. Zikishuka mfululizo hadi sifuri, naongeza mililita za potasiamu naitreti. Amonia na naitraiti napima ninapoongeza samaki, ninaposafisha chujio kwa kina, na samaki yeyote anapobadilika tabia.

Kwa anayeanza leo, mpangilio wangu wa manunuzi ni huu: kisanduku cha matone chenye amonia, naitraiti na naitreti, kipimo cha KH na GH, chupa moja ya mbolea yenye naitrojeni na fosforasi ndani yake, na sirinji ya plastiki kwa dozi. Mizani na chumvi zifuate tangi likikua, na potasiamu naitreti iwe ya kwanza, maana hiyohiyo inalisha na inathibitisha kipimo. Chupa za dawa zihifadhiwe penye ubaridi na giza, vifuniko visibadilishane, vichupa visuuzwe mara tu baada ya kusoma kwa sababu rangi ya naitreti ikikaukia kwenye kioo hung'ang'ania. Na kila unapoanza chupa mpya ya naitreti, ipitishe kwanza kwenye maji ya 10 na ya 20.